Joto Limekwama Wapi?

Likizo iliyopita nilikuwa field Bukoba mjini. Kila Ijumaa jioni nilikuwa napanda hiace kwenda Muleba kwa mama mdogo, kula ndizi zake na kumsaidia dukani. Ana steshenari ndogo kando ya barabara ya vumbi: kompyuta moja ya mezani, printa moja, mashine moja ya fotokopi na benchi la wateja. Mwezi ule wa Julai benchi lilikuwa limejaa vijana waliotoka kidato cha sita, wanajaza maombi ya mkopo wa HESLB. Wewe unayesoma hapa umewahi kukaa kwenye benchi kama lile, au unamjua aliyekaa.

Jumamosi moja, saa tano asubuhi, zamu ilikuwa ya binti aliyetoka Bumbire. Alikuwa amevuka ziwa kwa boti, ana vyeti vyake kwenye bahasha ya kaki, na boti ya kurudi haimsubiri mtu. Alikuwa ameshaskani cheti cha kuzaliwa, yuko kurasa za mwishoni. Kompyuta ikaganda. Mshale wa mausi hausogei, kibodi haiitikii, kioo kimebaki na picha ileile kama kalenda ya ukutani. Nikaizima kwa kitufe, nikaiwasha. Ikalia tii, tii, tii, kioo cheusi.

Mama mdogo akaniangalia. "Baba, wewe si ndiyo unasomea mambo haya?"

"Ndiyo, mama."

"Haya basi."

Ile "haya basi" iliniuma kuliko sapu. Tukasubiri nusu saa, ikawaka, ikafanya kazi dakika 20, ikaganda tena. Binti akakunja bahasha yake, akaondoka kuwahi boti. Akasema atarudi Jumamosi inayofuata, na ikishindikana basi, maana baada ya hapo siku zitakuwa zimeisha.

Kabla yangu walikuwa wamepita mafundi wawili. Wa kwanza alisema ni diski. Mama mdogo akanunua diski ya mtumba kwa shilingi 45,000. Wa pili akasema ni RAM. Zikatoka shilingi 30,000 nyingine. Mimi, msomi wa familia, nilikuja na langu: virusi. Nikapiga Windows upya usiku kucha. Asubuhi kompyuta ikaganda ikiwa na Windows mpya.

Naandika makala hii kwa sababu sote watatu tulikosea kwa namna moja. Tulimtafuta mgonjwa kwenye vitu vinavyojulikana, tukamruka yule asiyetajwa. Anaitwa chipseti.

Stendi isiyosifiwa

Kwanza tuelewane maneno. Mtaani kasha lote la kompyuta ya mezani tunaliita CPU. Si kosa kubwa, ila linatuchanganya. CPU, yaani prosesa, ni chipu moja tu ndani ya kasha, ile inayofunikwa na feni kubwa. Ubao mkubwa unaobeba kila kitu ndio mazabodi. Na juu ya mazabodi hiyo, mbali kidogo na prosesa, kuna chipu nyingine, moja au mbili, zinazopitisha mizigo kati ya prosesa na vifaa vingine: diski, USB, sauti, mtandao, na kwenye mashine za zamani hata RAM. Hizo ndizo chipseti. Prosesa ni mji, chipseti ni stendi. Hakuna anayesafiri kwenda kuitazama stendi, lakini ikifungwa mji mzima unasimama.

Kwenye mashine za kizazi cha Core 2, ambazo steshenari nyingi za wilayani bado zinazo, chipseti ni chipu mbili. Ile ya kaskazini iko jirani na prosesa, inashughulika na RAM na picha. Ile ya kusini iko chini zaidi, inashughulika na diski na USB. Ya kaskazini ndiyo yenye hasira: chipseti za Intel za wakati ule zilikuwa zinatoa joto la wati 13 hadi 26 hivi, kutegemea aina. Halafu mambo yakabadilika. AMD walikuwa wameshahamishia kazi ya kuongoza RAM ndani ya prosesa tangu mwaka 2003. Intel wakafuata mwaka 2008, na kuanzia 2009 mazabodi nyingi za kawaida zikabaki na chipu moja inayotoa wati 6 hivi, wakati mwingine pungufu. Kwa hiyo mashine kuukuu ndizo zenye chipseti ya moto, na ndizo hizohizo ambazo feni zimechoka na pesti imekauka.

Ubaya wa chipseti ikiugua ni kwamba huvaa nguo za wengine. Ya kaskazini ikizidiwa na joto, utadhani RAM ni mbovu, maana njia ya RAM inapita hapo. Ya kusini ikizidiwa, diski inapotea, mausi inazima taa yake, flashi haisomeki. Hata wakubwa yamewakuta. Januari 31, 2011, Intel walitangaza kasoro kwenye chipseti zao mpya za wakati huo, za mfululizo wa 6: baadhi ya milango ya diski ingedhoofika kadiri muda unavyokwenda. Wakakadiria kwamba kutengeneza na kubadilisha kungegharimu dola milioni 700. Kasoro ile haikutokana na vumbi, lakini dalili zake ndizo hizi: mwenye mashine angeona diski inasumbua, akanunua nyingine, na tatizo likabaki palepale. Mama mdogo alilipia somo hilohilo shilingi 45,000.

Ugonjwa unaopona kwa kulala

Dalili iliyopaswa kunishtua ni hii: asubuhi mashine ilikuwa nzima. Baada ya dakika kama 40 inaganda. Ukiilazimisha kuwaka palepale inagoma. Ukiiacha ilale nusu saa, inapona. Virusi hawana tabia hiyo. Diski iliyokufa haifufuki kwa kupumzishwa kila siku kwa saa ileile. Ugonjwa unaopona kwa kulala, mtuhumiwa wa kwanza ni joto.

Mimi joto nililifikiria, nikaliondoa haraka mno. Nilifungua programu ya kupima, ikaonyesha prosesa iko nyuzi 54. Nikasema hapa hamna joto. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba joto la prosesa ni joto la kompyuta nzima. Prosesa ina feni yake na ina sensa inayosomwa na kila programu. Chipseti mara nyingi haina feni, imewekewa bati dogo la mapezi tu, na inaishi kwa upepo unaobaki kwa jirani. Kwenye mashine nyingi za zamani joto lake halionyeshwi popote.

Njia ya joto na hesabu yake

Nikiwa Bukoba wiki ile nilikaa na daftari. Joto ni kama msafiri: linazaliwa ndani ya chipu na lazima litoke hadi nje ya duka. Vituo vyake ni hivi: silikoni ya chipu, pesti iliyopakwa juu yake, bati la mapezi, hewa iliyo ndani ya kasha, kisha hewa ya chumbani. Kila kituo kina ugumu wake, na ugumu huo unapimwa kwa nyuzi kwa kila wati, yaani joto litapanda nyuzi ngapi ili wati moja ipite.

Chukua mfano. Chipseti inatoa wati 15. Kutoka kwenye chipu hadi kwenye bati ugumu ni 0.5, kutoka kwenye bati hadi kwenye hewa ni 2.5. Jumla ni 3. Zidisha kwa 15, unapata 45. Hewa ndani ya kasha iko nyuzi 33. Chipu itakuwa 33 na 45, yaani nyuzi 78. Ni moto, lakini inaishi. Chipseti nyingi zinavumilia hadi karibu na nyuzi 100 kwenye silikoni yenyewe.

Sasa vuruga kituo kimoja tu. Bati likiziba vumbi, ugumu wa pili unapanda kutoka 2.5 hadi 4. Jumla inakuwa 4.5, mara 15 ni 67.5, ongeza 33: nyuzi 100 na ushee. Au acha bati safi, ila pesti iwe imekauka na bati limekaa upande, ugumu wa kwanza upande kutoka 0.5 hadi 3. Jumla ni 5.5, mara 15 ni 82.5, ongeza 33: nyuzi 115 na ushee. Haitafika huko, itaganda njiani.

Hesabu hii ndogo ndiyo iliyonipa swali ambalo sikuwa nalo mwanzoni. Nilikuwa nauliza "kompyuta ina joto?" Kompyuta yoyote ina joto. Swali la kuuliza ni hili: joto limekwama wapi?

Lakini si Kagera kuna baridi?

Jamaa mmoja wa field aliniambia kompyuta haiwezi kuungua Bukoba, labda Dar. Ana nusu ya ukweli. Ukiangalia ile hesabu, joto la chumba linajumlishwa moja kwa moja. Mchana wa Bukoba unazunguka nyuzi 26 hivi mwaka mzima, Dar ya Januari inafika 32. Mashine ileile ukiihamishia Dar bila kugusa chochote, chipu inapanda nyuzi 6 hivi. Hali ya hewa ya kwetu ni zawadi.

Lakini zawadi hiyo inakatwa kodi. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na vilima vya Muleba viko juu zaidi. Hewa ya kimo hicho ni nyepesi kwa takribani asilimia 10 kuliko ya pwani. Feni inazunguka vilevile, ila inabeba hewa pungufu, na joto linalobebwa linapungua.

Kodi ya pili ni vitu vinavyoingia na upepo. Julai ni kiangazi, kila bodaboda ikipita barabara ya vumbi inaacha wingu jekundu. Jirani na mama mdogo kuna kibanda cha chipsi, na mvuke wa mafuta yake unaingia dukani siku nzima. Vumbi peke yake ukilipuliza linatoka. Vumbi lililolowa mafuta linageuka ukoko. (Ndiyo, chipsi zilikuwa zinaua chipseti. Nicheke au nilie?) Usiku nako, ukiwa karibu na ziwa, kuna wale wadudu wadogo wanaopanda kama moshi kisha wanafuata taa. Wanavutwa na feni na kufia kwenye mapezi. Senene wana heshima yao, tunawatafuna; hawa hawana faida. Na mvua zikirudi, Bukoba inapata takribani milimita 2,000 kwa mwaka, unyevu unalifanya vumbi lile ligande kama blanketi.

Ijumaa usiku

Ijumaa nikarudi Muleba na vifaa: multimita ya kuazima yenye waya wa kupimia joto, pesti ya joto niliyonunua kwa fundi laptop Bukoba, brashi mpya ya rangi na spiriti. Kabla ya hapo nilijaribu bunduki ya kupimia joto la mwili, zile tulizozizoea milangoni wakati wa Korona na tena Marburg ilipoingia Kagera mwaka 2023. Haifai. Imetengenezwa kwa paji la uso. Ukivuka nyuzi 42 hivi inakuandikia "Hi" na kuishia hapo.

Saa mbili usiku duka limefungwa. Nikabandika ncha ya waya kwenye bati la chipseti ya kaskazini, nikafunga kasha, nikawasha, nikaacha inakopi mafaili na kucheza video. Chumba kilikuwa nyuzi 24. Bati likapanda taratibu: 30, 36, 40, 42. Likasimama hapo. Dakika ya 38 kompyuta ikaganda.

Nyuzi 42! Nilikaa kwenye kiti cha mama mdogo nimechoka kabisa. Bati la vuguvugu tu. Basi si joto, nikajiambia, na nimepoteza wiki.

Ni hesabu ya daftari iliyoniokoa. Chipu ya namna ile inatoa wati kumi na kitu, na joto hilo lazima lipite mahali. Kama bati halipati moto, maana yake joto halijafika kwenye bati. Limekwama kabla. Nikahamisha ncha ya waya, nikaibandika kwenye ubao wenyewe pembeni kabisa mwa chipu, nikaacha mashine ipoe, nikarudia. Ubao ukafika nyuzi 71. Chipu ilikuwa inaungua chini ya bati la baridi.

Nikachomoa waya wa umeme, nikamulika tochi ya simu. Bati lile linashikwa na waya wa springi wenye ndoano mbili. Ndoano moja ilikuwa imeruka kwenye tundu lake. Bati limeinuka upande mmoja, kiasi cha unene wa kadi ya ATM. Hapo nikakumbuka: mashine ile ilinunuliwa mtumba Bukoba, ikasafiri kwenye hiace, halafu kipande cha mwisho ikapandishwa bodaboda kwenye barabara ya mashimo. Na iliyobaki kati ya chipu na bati haikuwa pesti tena, ilikuwa unga.

Nikafanya jambo moja kwa wakati, ili nijue kilichoponya. Kwanza nikafuta unga ule, nikapaka pesti mpya, nikarudisha ndoano zote mbili. Vumbi sikuligusa. Nikawasha. Safari hii bati likapanda hadi nyuzi 61, ubao pembeni ukashuka hadi 56. Dakika ya 38 ikapita. Saa nzima ikapita. Saa moja na nusu. Haikuganda.

Ona hapo: bati likawa la moto zaidi na mashine ikapona. Ningefuata kidole changu ningesema nimeharibu. Bati la moto lilikuwa linaniambia kwamba msafiri amefika kituoni.

Ndipo nikasafisha vumbi na ukoko, kwenye mapezi, kwenye feni ya nyuma na kwenye matundu ya mbele. Nikapima tena: bati 52. Nyuzi 9 zilikuwa ni vumbi na mafuta ya chipsi tu.

Ukitaka kufanya mwenyewe

Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa mazabodi, maana cheche ya mwilini usiyoihisi inaweza kuua chipu. Fanyia kazi mahali pakavu.

Anza na njia ya upepo. Kwenye makasha mengi upepo unaingia mbele na kutoka nyuma. Shika karatasi nyepesi mbele ya matundu: itavutwa mbele, itasukumwa nyuma. Ikiwa feni ya nyuma imegeuzwa, inapigana na mwenzake. Unapopuliza vumbi, hata kwa pampu ya baiskeli, shikilia mapanga ya feni yasizunguke ovyo. Ukoko wa mafuta hautoki kwa upepo. Tumia brashi na spiriti kidogo, kisha subiri ikauke kabisa. Usitumie kitambaa chenye maji.

Kwenye chipseti, tazama kabla ya kugusa. Bati limekaa sawasawa pande zote? Ndoano zote ziko ndani? Ukilitoa, fanya polepole na wima. Chipu nyingi za namna hii ziko uchi, na ukiliegemeza bati kwenye kona silikoni inavunjika kama sahani. Futa pesti ya zamani kwa spiriti isiyo na rangi wala mafuta. Kitakasa mikono hakifai, kina vilainisho vya ngozi vinavyobaki kama utando. Pesti mpya iwe kiasi cha punje ya mchele. Kazi yake ni kujaza vinyweleo kati ya chipu na bati. Ikiwa nene, inageuka kuwa godoro. Na tafadhali, dawa ya meno si pesti ya joto. Itafanya kazi siku chache kwa sababu ina maji, ikikauka unarudi ulikoanzia, huku mteja ameshalipa.

Angalia na kapasita zilizo jirani, zile zinazofanana na vikopo vidogo. Zikivimba juu, joto limeshakula muda mrefu. Mafundi wana kanuni ya makadirio: kila ukiipunguzia kapasita ya aina hiyo nyuzi 10, maisha yake yanakaribia kuongezeka mara mbili.

Kupima si lazima uwe na multimita. Mashine za kisasa zina sensa, na programu kama HWiNFO inaonyesha joto la chipseti likiwa na jina PCH au Chipset. Kwenye Linux kuna lm-sensors. Kipimo changu mwenyewe ni hiki: chini ya nyuzi 70 nalala, 70 hadi 80 nasafisha, zaidi ya 80 nafungua kasha siku hiyohiyo. Ukitumia bunduki ya viwandani, kumbuka bati linalong'aa linaidanganya. Bandika kipande cha tepu nyeusi ya umeme, pima hapo. Na ukitumia kidole, baada ya kuzima na kuchomoa, usisahau bati la mama mdogo. Bati la moto ni habari, na bati la baridi kwenye mashine inayoganda ni habari kubwa zaidi.

Kwenye geto lako

Naona wengi tunafungua mlango wa kasha "ili ipumue". Mara nyingi tunaiziba. Kasha likiwa limefungwa, feni ya nyuma inavuta hewa kutoka mbele, hewa inapita juu ya mazabodi yote. Ukifungua pembeni, feni inavuta hewa ya karibu yake na kona ya chipseti inabaki na hewa iliyolala. Unaongeza vumbi, unapunguza upepo. Nilijaribu pale dukani: mlango wazi, bati likatoka 52 hadi 57.

Wenzangu wa magemu, nanyi mna yenu. Kwenye mazabodi za sasa chipseti iko chini, mara nyingi palepale inapolala kadi kubwa ya picha, na diski za M.2 ni majirani. Kadi ikitema moto, chipseti inaota jua hilo. Pia ukiondoa feni ya prosesa iliyokuja na mashine, ile inayopuliza kushuka chini, ukaweka mnara unaopuliza upande, umeinyima chipseti upepo wa msaada iliokuwa inaupata bure. Usiache, ila hakikisha kasha lina feni ya mbele inayofanya kazi. Na ukikutana na mazabodi ya X570 ya AMD, ya mwaka 2019, usishangae kukuta feni ndogo juu ya chipseti: ile inatoa wati 11 au zaidi, ndiyo maana. Feni ndogo zina historia ya kuchoka mapema. Isikilize, ikianza kulia ujue inaaga.

Jambo la mwisho ni umeme. Joto tulivu la nyuzi 65 linaweza kuidhuru chipu kidogo kuliko joto linalopanda na kushuka mara kumi kwa siku. Chipu imeshikwa na vitone vidogo vya lehemu; ikipata moto inatanuka, ikipoa inasinyaa, na vitone vinachoka kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa. Mwaka 2008 NVIDIA walitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa sababu ya malighafi dhaifu ya kufungia baadhi ya chipu zao za laptop. Kwetu, kila umeme unapokatika na kurudi ni mzunguko mmoja. UPS ndogo inasaidia zaidi ya kuokoa faili lako. Na ukiwa huna UPS, umeme ukirudi subiri dakika tano kabla ya kuwasha, maana mara nyingi unarudi na kukatika tena.

Jumamosi

Binti wa Bumbire alirudi saa nne asubuhi na bahasha yake. Mama mdogo akampisha kwenye foleni, hakuna aliyelalamika. Nilikaa nyuma yake na saa ya simu mkononi kama msimamizi wa mtihani. Dakika 20. Dakika 38. Dakika 50. Akaprinti fomu, akasaini, mama mdogo akagonga staplesi. Akawahi boti.

Kama alipata mkopo, atajua mwenyewe boom likitoka. Mimi najua kwamba diski ya shilingi 45,000 na RAM ya shilingi 30,000 bado ziko dukani, nzima kabisa, hazikuwahi kuhitajika. Kilichohitajika ni pesti ya shilingi 5,000 na ndoano kurudi tundu lake. Mama mdogo amesogeza meza upande wa pili wa duka, mbali na kibanda cha chipsi, na kila Jumapili anapitisha brashi kwenye matundu ya mbele.

Wiki iliyopita alinipigia simu. Kompyuta ya jirani yake imeanza kuganda, fundi kasema ni diski. "Nimemwambia asinunue kitu kwanza," akasema. "Nimemwambia akuulize wewe joto limekwama wapi."